Siku Ulipochelewa

Saa kumi na moja alfajiri, kabla ya king'ora cha kiwanda,
wewe huwa umekwisha kuamka.
Hupigi hodi.
Unanikaba koo kama mdai wa kodi,
unanitoa nje, mguu mmoja una ndala, mwingine peku,
hadi kwenye migomba nyuma ya choo.
Nainama. Nakupa ugali wa jana, kisha chai, kisha nyongo,
kisha hata nisichowahi kula.

Hapa Muhoroni hewa yenyewe hupikwa.
Molasi huchemka usiku kucha
na upepo huigawa bila kuuliza nani anaitaka.
Zamani niliiita harufu ya mshahara.
Siku hizi Oluga akitoka zamu ya usiku
namsikia tangu relini,
na kabla hajavua buti namwomba: samahani, baba, kaa huko huko.
Ameoga mara tatu kwa maji baridi, mwanamume wa watu,
ameoga hadi sabuni imebaki ukucha,
akaja akasimama mlangoni
kama mgeni wa harusi asiye na kadi.
Nikacheka. Nikatapika. Nikalia.
Kwa mpangilio huo.

Mama Dorsila, mkwe wangu, alisema ni mvulana, mkorofi kama babake.
Muuza odowa hakusema kitu,
alinipimia ya shilingi kumi,
nikaitafuna kama njugu,
mvua ya kwanza ikininyeshea mdomoni.
Sista Jeruto wa zahanati aliikuta mkobani, akaitupa.
"Damu yako itapauka kama ukuta huu.
Usingoje njaa, njaa ni rafiki yake.
Weka biskuti kavu chini ya mto, ule kabla ya kuinua kichwa.
Kidogo kidogo, kuku anavyodonoa.
Tangawizi. Ndimu, hata kuinusa tu.
Lakini siku maji yakikataa kukaa tumboni,
siku mkojo ukigeuka rangi ya turungi,
usiniletee uvumilivu.
Niletee mwili wako, mbio."

Nikafanya. Sitasema nilipona.
Kuna siku biskuti ilishinda, kuna siku ulishinda wewe.
Nilishona sare za shule na ndimu shingoni, imefungwa uzi kama medali,
na mguu ukajifunza kuachia pedali ya cherehani
kabla koo halijajua.

Sikumwambia Sista kwa nini sikuchukii kabisa.

Mwaka juzi, wiki ya kumi, uliondoka.
Niliamka mzima, nikala omena sahani nzima,
nikamshukuru Mungu kwa sauti.
Siku ya nne, damu.

Basi Jumanne king'ora kililia na wewe hukuwepo.
Nililala chali, mikono tumboni, nikihesabu misumari ya bati.
Saa kumi na mbili.
Saa moja.
Nikafungua kibuyu cha mafuta ya taa, nikanusa makusudi.
Kimya.
Nikaita: Oluga, njoo, njoo na molasi yako yote.
Akaja, akanikumbatia, nikaivuta ile shati hadi chini ya mapafu.
Kimya.
Hakuniuliza. Alitoa baiskeli.

"Usimwamini huyo sana," Sista aliwahi kusema juu yako.
"Wapo wasiotapika hata siku moja, na hubeba, na huzaa.
Akikawia, njoo nikupime, usijipime kwa hofu."
Maneno hayo nilikuwa nayo njia nzima, nimeyashika kama tandiko,
na hayakunizuia kutetemeka.

Tulipofika kwenye kivuko cha reli
trekta la miwa likapita, likatupulizia moshi wake mweusi usoni,
na wewe,
mwizi wee,
ukaja.

Nilishuka ikiwa bado inakwenda.
Oluga alishika kilemba changu kwa mkono mmoja, baiskeli kwa mwingine,
mimi nimeinama kwenye kokoto za reli
nacheka huku natapika, wapita njia wakishangaa.
"Umechelewa," nikakwambia.

Akaniuliza: tugeuze?
Nikajipangusa kwa leso, nikanusa ndimu, nikapanda nyuma.
Tusigeuze.
Huyu ni mjumbe tu.
Nataka kumsikia aliyemtuma.